Barua kwa binti yangu anayekwenda Kaabong

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mama yako anasema ulipopiga simu ulikuwa na haraka, basi habari za Land Cruiser yangu ameniachia mimi.

Picha zako zote saba za magari unayotaka hili letu lifanane nayo nimezipata. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Magari yameinuliwa mpaka mtu wa kimo chako atahitaji kigoda apande, matairi kama ya trekta, na taa juu ya paa za kutosha kumulika harusi. Mazuri, sikatai. Ila katika yote saba sikuona hata moja lenye tope.

Gari nitakupa, neno langu sijalirudisha. Mganga wa mifugo hawezi kuzunguka Karamoja, huko kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa bodaboda, na mimi siku hizi naenda msikitini na kurudi tu. Lakini jua unachopokea. Tangu sheria ya 2018 ilipokataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15, Land Cruiser HZJ75 nyingine ya umri huu hutaipata bandarini. Hii ukiiua, umeiua.

Uliniuliza, "Baba, hatuwezi kuitia tabo?" Tunaweza, tabo ni pampu tu ya kuisukumia injini hewa. Fundi wa Kampala ataifunga kwa siku mbili na utarudi unatabasamu. Lakini hiyo injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, waliiunda ivute hewa yenyewe. Dizeli yake huanza kuwaka ndani ya kijichumba kilichomo kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kisha moto ndio unashukia pistoni. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi, joto linajazana palepale, na hedi inapasuka. Ukiambiwa kuna fulani ametia na bado anatembea, uliza anapanda wapi na amebeba nini. Wewe utakuwa na friji ya chanjo, watu wanne nyuma na jua la Februari. Panda kwa gia ya tatu, malori yakupite, salamu wape.

Taa ya kuangalia ni ile iliyoandikwa T-BELT. Huwaka kilomita 100,000 zikitimia, kukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha vali na pistoni. Mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni, na hapo hakuna cha kusukuma wala kuomba. Huu uliopo niliufunga kilomita zikiwa 412,300, nimeandika kwenye daftari. Kabla yake nilinunua mwingine katika duka moja mjini, boksi linang'aa kuliko bwana harusi. Nilipofika nyumbani nikaukunja kidogo kwa vidole, nikaona nyufa kwenye mizizi ya meno. Mkanda mpya! Kuurudisha, mwenye duka akaapa hajawahi kuniona. Tangu siku hiyo spea ninaifungua na kuikagua palepale kaunta, foleni nyuma yangu inune inavyotaka.

Sasa hili la kuinua. Hapa nivumilie, kwa sababu kosa nililifanya mimi mwenyewe, na wewe ulikuwepo. Ulikuwa darasa la tano, P5. Nilifunga springi za kuinua sentimita kumi na matairi ya inchi 35, nikapita nalo mjini polepole ili watu waone. Wiki mbili za fahari. Halafu tukaenda Masindi, mama yako mbele, wewe nyuma na mikungu ya ndizi. Tumeshaivuka Luweero, niko kwenye sabini hivi, gurudumu la kushoto likagonga shimo. Usukani ukaanza kutetemeka, si mtetemo wa kawaida, ulikuwa unanipokonya mikono. Dashibodi inacheza, kioo cha pembeni kikajikunja chenyewe. Haukukoma mpaka nilipolisimamisha gari kabisa. Mama yako hakusema kitu hadi Masindi, na unajua hilo ni baya kuliko kelele.

Mafundi wakasema ni balansi. Nikalipa balansi. Wakasema ni shokabu. Nikalipa shokabu. Mwisho nililala chini mwenyewe, wewe ukanishikia tochi, ukawa unanimulika machoni badala ya gurudumu. Nilipiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Tok. Kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Tulipofungua kichwa cha ekseli nyuma ya gurudumu tulikuta supu: oili sili ya ndani ilikuwa imekwisha, oili ya difu, ile giaboksi ndogo ya ekseli, imejichanganya na grisi, na beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia kukata kona, zina mabonde unayoweza kuyasikia kwa kidole. Beringi hizo zilikuwa zimekufa kabla sijaliinua. Gari lilikuwa linaumwa, mimi nikalivalisha viatu vizito. Tena springi ndefu zililaza pembe ya kingipini, usukani ukasahau kurudi katikati.

Nilirudisha springi za kiwandani na matairi ya 7.50R16. Hata saa ya mwendo ilikuwa inanidanganya: kwa matairi yale, ikisoma 80 uko karibu na 88. Basi springi zake ziache kwanza, fanya mwaka mmoja wa kazi. Ukiona bado unataka, sentimita tano zinatosha, na siku hiyohiyo mipira ya breki irefushwe na pembe ya usukani irekebishwe. Fundi atakayekwambia hayo si lazima, mwachie chai yake uondoke.

Kuna kitu kimoja kidogo nilichobadilisha na sijajutia, wala hakionekani kwenye picha. Kila difu ina kitundu cha kupumulia. Ukitembea mwendo mrefu difu inapata moto, halafu ukiingia ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani inajikunja, difu inavuta pumzi, na kama kitundu kimezama au kimeziba inavuta maji kupitia sili. Mimi niligundua siku mbili baada ya kuvuka mto, nilipofungua boliti ya chini ikamwagika chai ya maziwa. Sasa nimefunga vimipira virefu vya kupandisha vitundu hivyo mpaka karibu na boneti. Bei yake si kitu. Vikague meno ya panya hayajavitoboa. Snokeli nayo, bomba la kuivutia injini hewa kutoka juu karibu na paa, ni nzuri kwa vumbi la huko, ila kama kiungio kimoja hakijazibwa vizuri ni bomba la mapambo, maji yataingia injini kama kawaida.

Udongo mweusi wa Karamoja mvua ikinyesha hauna mjanja. Funga habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, kwenye LOCK ukiwa bado mahali pakavu, usingoje mpaka utafute ile swichi ya habu ndani ya tope kwa mkono. Mito mikavu ya mchanga usiegeshe ndani, hata mbingu ikiwa safi, maana mvua huenda imenyesha milimani. Na ukirudi kwenye lami toa H4, gia ya kuendesha magurudumu yote manne. Gari hili halina difu ya katikati, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana na atakayelipa ni giaboksi.

Njoo Jumamosi mapema na nguo za zamani. Tutafungua pande zote mbili za mbele kabla hujaondoka, beringi na sili mpya ninazo chini ya kitanda. Utalala chini wewe, mgongo wangu umeshakataa. Tochi nitashika mimi, na sikuahidi nitamulika wapi.

Mama yako anauliza kama Kaabong utapata mchele mzuri au akufungie.

Baba yako

Nimesahau: kifuniko cha tangi la pili hakifunguki kwa kuzungusha tu. Kibonyeze kwanza kwa kiganja, ndipo uzungushe.