Msiisingizie kodeki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandika programu za sauti. Sauti ikitoka na mikwaruzo, lawama hutupiwa kodeki, yaani programu inayopunguza ukubwa wa data ya sauti na kuirudisha. Mara nyingi kodeki haina kosa, bafa (sehemu ya kumbukumbu inayoshika sauti kwa muda) iliyoilisha ndiyo mbovu.

Tuchukue AAC, kodeki mojawapo. Fremu yake ya kawaida, yaani fungu linaloshughulikiwa kwa mkupuo, ni sampuli (vipimo vya sauti) 1024 kwa kila chaneli, na enkoda (sehemu inayopunguza data) ya AAC iliyomo ndani ya FFmpeg, programu huria ya sauti na video, hupokea namba za desimali za biti 32, kila chaneli kwenye bafa yake. Kwa stereo, hizo ni bafa mbili za baiti 4096 kila moja. Aliyeandika 1024 mahali pa 4096 wakati wa kunakili amebeba robo tu. Robo tatu zilizobaki ni mabaki ya fremu iliyotangulia, au takataka za kumbukumbu.

Faili la sauti la WAV la kawaida huhifadhi namba kamili za biti 16 zilizopishana: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Basi ili kuilisha enkoda hiyo kuna kazi mbili, kutenganisha chaneli na kugawa kwa 32768 ili kupata desimali. Kurudi kwenye namba kamili ndiko kwenye mtego. Desimali 1.0 ukiizidisha kwa 32768 unapata 32768, ilhali mwisho wa biti 16 ni 32767. Ikipita bila kubanwa isizidi hapo hugeuka −32768, na hapo ndipo huzaliwa ile milio ya "ta! ta!" penye sauti kubwa. Bana kwanza, ndipo ubadili aina.

Maikrofoni nayo haijui habari za 1024. Inaweza kuleta sampuli 480 au 512 kwa mara moja. Weka foleni katikati, toa fremu inapotimia, kinachobaki kingoje. Kodeki ya MP3 (ya sampuli 44100 kwa sekunde) inataka 1152; ile ya Opus, yenye fremu za milisekunde 20 kwa 48000, inataka 960. Ukibadili kasi ya sampuli kutoka 44100 kwenda 48000, uwiano ni 147 kwa 160, kwa hiyo sampuli 1024 huzaa 1114 na ushee. Ushee huo ukiutupa kila mara, sauti huachana na picha polepole, na video fupi ya majaribio haitakuonyesha.

Mwishoni, ijulishe enkoda kwamba hakuna fremu nyingine, kisha endelea kupokea mpaka iseme imekwisha. Wanaoruka hatua hii hukata neno la mwisho la msemaji.

Jaribio langu ni rahisi: mlio wa hezi 440 kushoto, kimya kulia. Ukisikia 880 pande zote mbili, tena kwa vipande vipande, bafa zilizotengana zimesomwa kana kwamba sampuli zinapishana. Ukisikia mngurumo mkali, huenda desimali zimesomwa kama namba kamili. Kupandisha bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) hakutibu lolote kati ya hayo.

Wenu,
Mwandishi wa programu za sauti