Namnunulia dalali kifurushi, na gharama za simu zimepungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa bei za vifurushi vya simu, mjadala ambao kila unapozuka huishia kwenye kuzilaumu kampuni za simu, huku sisi wafanyabiashara wadogo tukiendelea kununua vocha kwa mazoea yaleyale. Mimi nauza mchele kwa jumla hapa Uyole, Mbeya. Mzigo wangu hutoka Ubaruku na Kyela, na wateja wako Dar es Salaam, Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kabla gunia moja halijapanda gari, huwa nimekwisha kuzungumza na dalali, mwenye mashine ya kukoboa, dereva na mnunuzi, na mara nyingi kila mmoja wao zaidi ya mara mbili.

Mwaka jana nilianza kuandika gharama za simu katika daftari lilelile ninaloandikia ushuru na upakiaji. Kabla ya hapo nilizichanganya na matumizi ya nyumbani, kwa hiyo sikuziona. Mwezi ulipoisha niligundua kwamba fedha za simu zilizidi zile ninazowalipa vijana wa kupakia, na kwamba sehemu kubwa ilikwenda Nakonde, kwa sababu simu za huko hazimo katika kifurushi changu cha dakika na hukatwa kwenye salio kwa bei ya kimataifa. Mtu yuko upande wa pili wa geti la Tunduma, na mkokoteni unamfikia kwa miguu, lakini kwa kuwa laini yake ni ya Zambia, natozwa kama ninayezungumza na mtu wa mbali.

Simu ya WhatsApp haijui mpaka. Huduma hiyo ya kupiga kwa sauti ipo tangu 2015 na wengi wetu tunayo kiganjani, ila tunaitumia kuwasalimia watoto walioko vyuoni. Tukifika kwenye biashara tunarudi kwenye dakika. Niliamua kuipima. Ndani ya programu hiyo, upande wa mipangilio, kuna mahali panapoonyesha data iliyotumiwa na simu peke yake. Nilifuta hesabu ya zamani, nikazungumza na mteja wa Nakonde kwa dakika kumi, kisha nikarudi kutazama: megabaiti nne na nusu. Kwa kipimo hicho, gigabaiti moja inatosha maongezi ya zaidi ya saa thelathini, mradi usiwashe kamera, maana picha hula data mara nyingi zaidi ya sauti.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wanaosifia njia hii hawalisemi. Katika simu ya kawaida anayelipa ni mpigaji, lakini katika simu ya intaneti pande zote mbili hutumia data. Dalali wangu wa Ubaruku kifurushi chake kilikuwa kikiisha siku ya pili au ya tatu, na baada ya hapo nilipiga hadi nikachoka, simu ikitafuta tu bila kuita, mwisho nikampigia kwa dakika na akiba yote ikapotea. Sasa kila Jumatatu namnunulia kifurushi cha data cha wiki. Mara ya kwanza alicheka, akadhani nina jambo ninalotaka kumwomba. Gharama hiyo naiandika chini ya mzigo, pamoja na kamba na magunia, na hata nikiijumlisha, fungu la simu limeshuka chini ya nusu ya lilivyokuwa.

Ujumbe wa sauti nao umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mwezi uliopita tulipishana na muuzaji mmoja kuhusu bei ya gunia. Yeye akishikilia alichokumbuka, nami nikishikilia changu. Tulisikiliza ujumbe wake wa usiku uliotangulia, akasikia sauti yake mwenyewe ikitaja bei, tukapakia mzigo.

Dakika za kawaida sijaziacha, na simshauri mtu aziache. Dereva akiwa kwenye mlima wa Kitonga, au popote ambapo juu ya kioo inabaki ile herufi E, ishara ya intaneti ya polepole, sauti ya intaneti hukatika vipandevipande na watu huanza kusemeana juu kwa juu, wakati simu ya kawaida bado inasikika. Mkulima mwenye kitochi naye hayumo katika hesabu hii. Tena wasomaji watakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikazorota nchini na kwa majirani; nilikuwa na gari njiani siku hiyo, na salio la kawaida ndilo lililoniokoa. Wala si busara kuifunga biashara nzima kwenye programu moja. Skype, iliyoanza 2003 na ambayo wengi tuliijua kama ndiyo simu ya intaneti yenyewe, ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo namba za wateja naziandika pia kwenye daftari.

Na kijana wa dukani asikabidhiwe simu ya biashara kabla hajaambiwa kwamba ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha WhatsApp inayokuja kwa ujumbe haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu. Anayeipata anaichukua akaunti, na wa kwanza kuombwa fedha kwa jina lako watakuwa wateja wako.

Kwa kampuni zetu za simu nina ombi moja. Zituwekee kifurushi cha data ambacho mfanyabiashara anaweza kuwanunulia watu wake watano kwa mkupuo mmoja, kila mmoja kwenye namba yake. Sasa hivi inanibidi nirudie menyu ileile kwa kila namba, Jumatatu asubuhi, mteja akiwa amesimama mbele ya mizani.

Mfanyabiashara wa mchele,
Uyole, Mbeya