Kwenda saa 12, kurudi saa 10: jedwali lenu limeniponza

Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari una kijedwali cha umbali kati ya viwanja vya ndege, na pembeni yake mnaandika "muda wa safari". Nimefundisha jiografia miaka 31, na bado kijedwali hicho kilinipiga chenga.

Los Angeles hadi Tokyo mliandika kilomita 8,800, saa 9 na dakika 47. Kilomita sina ugomvi nazo. Hizo saa ndizo nilizokuja kuzing'amua baadaye kwa kalamu: mmegawanya 8,800 kwa 900, mwendo wa ndege ya abiria, basi. Mdogo wangu aliposafiri njia hiyo Januari, nilimpigia mama hesabu hiyohiyo nikamwambia mwanawe atatua saa fulani. Saa ikafika, kimya. Mama simu mapajani, kila baada ya dakika tano ananiuliza, "Mwalimu ni wewe au si wewe?" Ndege ilitumia karibu saa 12.

Hakuna kilichoharibika. Ilikuwa inaelekea magharibi, na huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, mkondo wa upepo hutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi, juu ya Pasifiki, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mabaharia wangesema ulikuwa upepo wa omo, yaani wa kutoka mbele. Wakati wa kurudi ukawa wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, safari ikachukua kama saa 10. Tena aliondoka Tokyo Jumamosi saa 11 jioni akafika Los Angeles Jumamosi hiyohiyo saa 4 asubuhi, maana alivuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki unarudi nyuma siku moja. Hilo sikujaribu hata kumweleza mama.

Upepo huo si jambo dogo. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York ikafika London chini ya saa 5, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa 6 au 7. Na si upepo tu. Helsinki na Tokyo hazijasogea, lakini anga ya Urusi ilipofungwa kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, saa 9 na ushei zikawa kama 13.

Na yule msomaji wenu anayelalamika kwamba ndege za London kwenda Los Angeles "zinazunguka" Greenland bila sababu, atafute tufe na uzi wa kushonea. Aukaze uzi kati ya miji hiyo miwili aone njia fupi inavyopita huko huko Greenland. Rula juu ya ramani ya ukutani ndiyo inayomdanganya.

Ninachoomba ni safu mbili, ya kwenda na ya kurudi, mkinakili saa zilizo kwenye ratiba za mashirika, ambazo huhesabiwa kuanzia ndege inapoachia lango hadi inapofika lango jingine. Mdogo wangu anasafiri tena mwezi ujao, na mama ameshasema safari hii ataisoma tiketi mwenyewe.

Mwalimu mstaafu