Kwa vijana wakimbiaji wa Malindi: ulizeni kabla ya kutia saini

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam aleikum. Kila alfajiri nawaona mkipita mchangani pale Silversands, na moyo wangu hufurahi. Nimefunza wakimbiaji miaka mingi, basi nisikilizeni kuhusu upimaji wa dawa za kusisimua misuli.

Kijana wetu mmoja alipimwa baada ya mbio. Wiki ile alikuwa na mafua, amekunywa dawa ya dukani. Alipoulizwa ametumia dawa gani, akasema hakuna, kwa woga tu. Akatia saini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa. Majibu yalitoka safi, alhamdulillahi, lakini kabla ya hapo alikuwa halali wala hali akashiba. Nilijilaumu mimi. Nilimfunza kukimbia, sikumfunza kusema, "Naomba mkalimani."

Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, zinampa mwanamichezo haki ya kuwa na mtu wake pale anapotoa sampuli, na mkalimani akipatikana. Aliye chini ya miaka 18 asiende peke yake, afuatane na mtu mzima. Chagua mwenyewe kikopo na chupa, ukague kama hazijafunguliwa. Mkojo usiopungua mililita 90 hugawanywa chupa A na chupa B mbele ya macho yako. Taja kila dawa uliyotumia, hata ya kikohozi. Likikuudhi jambo, liandike papo hapo kwenye fomu, uondoke na nakala yako. A ikionyesha dawa haramu, dai B ipimwe. Ila kukataa kutoa sampuli msithubutu. Adhabu yake yaweza kuwa kufungiwa michezo miaka 4.

Na muguka, wanangu! Miraa ina kathini, ambayo siku ya mashindano ni haramu ikipita kiwango kilichowekwa.

Sasa linaloniuma. Kilichokutwa mwilini mwako utakijibu wewe, hata kama hukujua kimeingiaje. Sababu yake naielewa, maana kila mdanganyifu angesema hakujua. Lakini kueleza kimeingiaje kwataka wataalamu, na wataalamu wataka pesa. Jannik Sinner, mcheza tenisi wa Italia, alikutwa na klostebo, dawa haramu, mwaka 2024. Ilielezwa kwamba ilitoka mikononi mwa mtu aliyekuwa akimkanda. WADA yenyewe ikakubali hakukusudia kudanganya, na mwaka 2025 akafungiwa miezi 3. Simwonei kijicho, alijitetea kama inavyompasa mtu kujitetea. Nauliza tu: kijana wa Maweni au wa Kisumu Ndogo atampata wapi wakili wa kumsemea hivyo?

WADA ilipoandika haki za wanamichezo mwaka 2019, msaada wa kisheria iliuweka upande wa mapendekezo, si upande wa haki zenye nguvu. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Haki ya rufaa bila nauli wala wakili ni mlango uliofungwa. Chama cha riadha na serikali yetu tuwadai hilo, na mdai nyinyi kwanza, kwa kuwa miili ni yenu.

Jumamosi hii baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu. Njooni na dawa zote mlizo nazo nyumbani, hata za pumu na za maumivu. Nimemwomba mfamasia mmoja aje azisome nasi, moja moja. Mwenye pumu aje na cheti cha daktari wake, tuone kama anahitaji kuomba ruhusa ya kutumia dawa yake kwa matibabu kutoka ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo haramu, kabla msimu haujaanza.

Mzee wenu