KUH: BARUTI ILIYOLIPULIWA BILA KING'ORA, OPERETA ALIYEUMIA NA MASHINE ILIYOVUNJWA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu. Nimejizuia wiki nzima nisiwaandikie kwa hasira. Nitajaribu.

Jumanne mchana mlipiga baruti kwenye kwari yenu bila king'ora, bila mtu wa bendera nyekundu barabarani, ekskaveta yangu ikiwa bado chini ya mwamba. Jiwe likapasua kioo cha kebini na kukata paipu ya haidroliki. Opereta wangu alikuwa ndani. Alitoka akitambaa, damu usoni, akalala kando ya cheni za mashine. Nyapara wenu akafika, akaitazama mashine, akauliza: "Lori zitapakiwa saa ngapi?"

Utaratibu mnaujua: watu na mashine huondolewa kabla nyaya za baruti hazijaunganishwa. Asubuhi opereta aliomba aisogeze, akaambiwa dizeli ni ghali. Mashimo ya baruti nayo yalizibwa kwa vumbi lilelile lililotoka humo badala ya kokoto, sasa baruti itakosaje kutema mawe juu? Tena mliwarudisha vibarua moshi wa rangi ya chungwa ukiwa haujatawanyika, kabla mlipuaji hajakagua kama kuna shimo lililogoma kulipuka. Moshi huo ni sumu ya mapafu. Mwajua.

Narudia, maana ofisini kwenu nimeambiwa "ajali ni ajali." Kijana amelala chini. Nyapara, simu sikioni, anamruka miguu apate kukagua ndoo ya mashine. "Lori zitapakiwa saa ngapi?" Jina lake hata hakuuliza. Leso tuliyomfunga kichwani ilitoka kwa mama auzaye chai getini!

Nataka mlipe kioo, paipu, bili ya hospitali na kila siku ambayo mashine inakaa bure. Nyapara aende akamwombe radhi kitandani. La, hilo halitoshi: asikanyage tena eneo la kulipulia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hairuhusu mfanyakazi kurudishwa penye hatari ambayo haijaondolewa. Na kanuni za mazingira za 2009 zinataka mtikisiko usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wenu. Waulizeni majirani kuhusu nyufa zao.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 7, picha zote nilizopiga zitafika kwa wakaguzi wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na wa usalama kazini. Wakifunga kwari, msinitafute.

Mashine msiiguse. Iacheni palepale hadi fundi wangu na wakili waje.

Wenu,
Mwenye ekskaveta, Nairobi