Witu si kituo cha chai tu

Mhariri,

Juma lililopita msomaji wako mmoja alisimulia safari yake ya Lamu, huku pwani ya Kenya, akaitaja Witu kuwa "kijiji cha njiani, basi husimama watu wakanywa chai". Chai ni kweli ipo. Lakini mimi nimezaliwa Witu, ingawa sasa nakaa Malindi, na hayo mengine yamenikwama kooni.

Angejiuliza kwanza mji ule umefikaje pale. Wanabahani, ukoo wa masultani waliouasisi, walikuwa watu wa kisiwa cha Pate, watu wa bahari na majahazi. Ahmad Fumo Luti, ndiye Simba, alipokosana na Sultani wa Unguja hakutafuta kisiwa kingine. Alihamia bara, akaufanya msitu kuwa boma lake, mahali ambapo mizinga ya merikebu haifiki. Akawapokea na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakalima, wakaoa, wakazaa. Witu ulijengwa makusudi uwe mbali na njia. Leo eti ni mji wa njiani!

Mwaka 1885 Simba aliandikiana mkataba na ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na Witu ukaingia chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1889 zikatoka hata stempu. Mwaka uliofuata Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu, katika mkataba uleule uliowapatia wao kisiwa cha Heligoland. Wenye mji hawakuulizwa. Septemba 1890 Mjerumani aliyekuja kukata mbao, Küntzel, akauawa Witu pamoja na wenzake. Oktoba Admeri Fremantle wa Waingereza akateremsha askari wake Kipini, wakapanda kwa miguu, wakauchoma mji wote. Fumo Bakari, aliyekuwa amemrithi Simba, akakimbilia msituni. Msitu ukawa boma tena.

Barabara yenyewe naijua tangu ikiwa tope. Masika basi likizama tulishuka kusukuma, kina mama viatu mkononi, buibui limekunjwa hadi magotini. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab ya 2014 mabasi yakawa yanakwenda kwa msafara wa polisi. Sasa ni lami kutoka Garsen hadi Lamu, na kwa hilo sina neno ila shukrani.

Ila lami imetupunguzia muda wa kusimama. Mwezi uliopita nilishuka stendi, konda akipiga kelele, "Dakika tano! Wa choo choo, wa chai chai!" Mama mmoja akakimbia na ndoo ya maembe, akapitisha matatu dirishani, na kabla hajarudisha chenji basi likang'oa nanga. Kando yangu alikuwa kijana wa shule, sare bado mpya. Nikamwambia hapa palikuwa na sultani. Akacheka, akadhani namtania.

Nilizunguka stendi yote. Nilichokiona ni vibao vya mwendo wa gari na matangazo ya soda. Naomba kaunti itusimamishie kibao kimoja tu, kwa Kiswahili, chenye jina la Simba na miaka hiyo miwili, 1885 na 1890, kikae pale pale watu wanaponunua maembe. Kama tatizo ni mbao, tutachanga wenyewe. Witu hapajawahi kukosa mbao.

Na huyo msomaji wako akipita tena, ashuke. Chai nitamlipia mimi.

Mzaliwa wa Witu,
Malindi