Kwa mdogo wangu anayetundika kazi zake ukutani kwa mara ya kwanza

Mdogo wangu,

Hongera kwa kupata ukumbi hapo Dar. Wanaokujua kwa gitaa na kwa picha unazobuni kuwa makava ya nyimbo watakuja, na wengi wao hawajawahi kuona kazi yako ikizidi ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana nakuomba nguvu nyingi uzipeleke kwenye uchapaji.

Kava ulilotengeneza kwa ajili ya mitandao lina pikseli, yaani vidoti vya picha, 3000 kwa 3000. Likichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata sentimita 25.4 tu. Ukilivuta lifike mita moja, zinabaki pikseli 76 kwa inchi: herufi zinafifia kingo na nyuso zinakuwa miraba midogo. Michoro ya vekta, iliyojengwa kwa mistari badala ya pikseli, ikuze utakavyo. Yenye picha za kamera, rudi kwenye faili za awali uijenge upya. Kwa kazi ya kutazamwa kutoka mita moja na nusu, pikseli 150 kwa inchi zinatosha.

Rangi ndizo zitakazokusumbua zaidi. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Bluu kali na kijani cha kung'aa havipatikani kwa wino nne za uchapaji (sayani, majenta, njano na nyeusi), hivyo vitatoka vimepoa. Nyeusi ya wino mmoja kwenye eneo kubwa hutoka kijivujivu, kwa hiyo juu ya nyeusi asilimia 100 ongeza sayani 60, majenta 40 na njano 40, na muulize mchapaji kama mashine yake inakubali kiasi hicho. Usichape kazi zote kabla ya jaribio. Kata sehemu ngumu kuliko zote kwa ukubwa wake halisi, ichapwe kwenye A4 ya karatasi ileile, kisha uitazame chini ya taa za ukumbini, si pale dukani. Omba wino wa pigmenti na karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 kwa mita ya mraba. Vinili, yaani karatasi ya plastiki, ni nafuu, lakini yenye mng'ao hurudisha taa machoni.

Kwa unyevu wa pwani, karatasi isiguse kioo cha fremu. Ikigusa hunata, kisha huota ukungu. Itenganishe kwa kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Selotepu usiikaribie kabisa, hugeuka njano na kuacha doa.

Katikati ya kila picha pawe sentimita 150 kutoka sakafuni. Fremu ya urefu wa sentimita 90, ambayo waya wake wa kutundikia ukivutwa unafika sentimita 8 chini ya ukingo wa juu, ndoano yake inakaa 150 + 45 − 8, yaani sentimita 187 kutoka sakafuni. Tumia ndoano mbili, moja huiacha fremu ilale upande.

Muziki usiupige kwa spika siku nzima. Kuta za saruji na vigae hurudisha sauti, na watu huondoka mapema. Weka hedifoni karibu na kazi zinazohusiana na wimbo fulani. Jioni ya ufunguzi, piga baada ya wageni kuzunguka, kwenye kona isiyo na picha, ili wageni wasizipe kazi mgongo.

Makava uliyolipwa na wasanii wengine, pata ruhusa yao kwa maandishi kabla ya kuyauza. Namba ya nakala andika kwa penseli chini ya picha, mfano 3/10 (ya tatu kati ya kumi) kushoto, na sahihi kulia. Ukishaandika kumi, ya kumi na moja usichape, hata mnunuzi akipandisha bei.